Kuelekeza Poti kwenye Ruta ya Nyumbani kwa Ajili ya Michezo ya Mtandaoni

Umewasha seva ya Minecraft kwenye kompyuta yako. Mdogo wako aliye chumba cha pili ameingia bila taabu, mmeanza kujenga, na sasa mnamngoja rafiki yenu aliye mbali. Yeye anaandika anwani uliyomtumia, skrini yake inakaa ikisubiri, kisha inamjulisha kwamba muunganisho umeshindikana. Seva yako haina kasoro, na intaneti ya rafiki huyo haina kasoro pia. Kilichomzuia ni ruta yako, ambayo ilipokea pakiti zake, yaani vipande vya data alivyotuma, haikujua izipeleke kwa kifaa kipi, ikazitupa. Kuelekeza poti ni kuiambia ruta izipeleke wapi.

Kazi hii ni ya dakika chache kwa mtu aliyejiandaa. Wanaoipotezea siku nzima, mara nyingi ni wale wanaokimbilia ukurasa wa kuandikia kanuni, yaani maagizo kwa ruta, ilhali tatizo lao liko nje ya ruta, kwa mtoa huduma, mahali ambapo kanuni yoyote wanayoiandika haiwezi kufika. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia nje kuja ndani, nami nakuomba usiuruke mpangilio huo hata kama una hamu kubwa ya kucheza.

Namna ruta inavyofanya kazi

Ndani ya nyumba kila kifaa hupewa anwani yake ya IP, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, kutoka katika makundi matatu yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani: zinazoanza na 10, zilizo kati ya 172.16 na 172.31, na zinazoanza na 192.168. Nje ya nyumba vifaa vyote hivyo huonekana kwa anwani moja tu. Mpango huu ulizuka kwa sababu ya uhaba, kwani IPv4, mfumo wa anwani za namna hiyo, ina anwani zipatazo bilioni 4.3 pekee, nazo hazitoshi kumpa kila mwenye simu na kompyuta anwani yake mwenyewe. Utaratibu wa kubadilisha anwani za ndani kuwa ile moja ya nje huitwa NAT, na ruta huutekeleza kwa kutunza kitu mfano wa daftari. Kompyuta yako inapotuma ombi nje, ruta huandika ni kifaa gani kilichotuma, kwa poti ipi, kwenda wapi. Jibu linaporudi, hutazama daftari na kulifikisha kwa mwenyewe. Pakiti inayokuja bila kuombwa haina mstari wowote katika daftari hilo, na ndiyo maana hutupwa.

Kuelekeza poti ni kuandika mstari wa kudumu katika daftari hilo, kwa mfano kwamba kila kinachofika kwenye poti 25565 kipelekwe kwa kompyuta yenye anwani 192.168.1.50. Poti yenyewe ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, inayoonyesha ni programu ipi ndani ya kifaa inayotakiwa kupokea mzigo. Usiichanganye na tundu la kuchomekea kebo nyuma ya ruta, ambalo nalo watu huliita poti.

Je, unaihitaji?

Jambo hili linastahili kusemwa wazi, maana linawasumbua wengi bure. Kuelekeza poti hakupunguzi ucheleweshaji. Ikiwa mchezo unakwama na kurukaruka, sababu huwa ni Wi-Fi dhaifu, mtu mwingine nyumbani anayepakua faili kubwa, au seva iliyo mbali, na hakuna kanuni ya ruta inayoweza kufupisha umbali huo. Tena, michezo mingi ya ushindani ya siku hizi huendeshwa kwenye seva za kampuni zenyewe: wewe ndiye unayeanza mazungumzo, ruta inaandika mstari wake, na mambo yanakwenda bila wewe kugusa chochote.

Unaihitaji pale ambapo wengine wanapaswa kuja kwako. Mfano ulio wazi ni kuendesha seva yako mwenyewe, iwe ya Minecraft, Terraria, Valheim au Factorio. Mfano wa pili ni michezo inayowaunganisha wachezaji moja kwa moja, ambapo kifaa cha mmoja wao hugeuka mwenyeji wa wengine; hapo ndipo konsoli hulalamika kwamba aina yako ya NAT ni finyu, gumzo la sauti linakatika, au unashindwa kuingia katika kundi la marafiki ambao wao kwa wao wanaonana vizuri.

Hatua ambayo haipaswi kurukwa

Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta kwa kuandika anwani yake katika kivinjari. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kama huijui, fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, kisha usome namba iliyo mbele ya maneno "Default Gateway". Jina la mtumiaji na nenosiri la awali kwa kawaida vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta. Ukishaingia, tafuta sehemu inayoonyesha hali ya muunganisho, na unakili anwani iliyoandikwa karibu na neno "WAN" (upande wa nje wa ruta) au "Internet". Kisha, ukiwa kwenye mtandao uleule na ukiwa umezima VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), fungua tovuti yoyote ya kuonyesha anwani ya IP na ulinganishe namba hizo mbili.

Zikifanana, njia ni nyeupe na unaweza kuendelea. Zikitofautiana, simama kwanza, kwa sababu kuna ruta nyingine mbele ya ruta yako, na hiyo ndiyo inayotupa pakiti za rafiki yako kabla hazijakufikia.

Ruta hiyo ya mbele inaweza kuwa ndani ya nyumba yako. Watu wengi hupewa kisanduku na mtoa huduma, kisha hununua ruta yao yenye Wi-Fi bora na kuichomeka nyuma ya kile cha kwanza, bila kutambua kwamba sasa wana madaftari mawili. Dalili ni kwamba anwani ya WAN ya ruta yako inaanza na 192.168, au iko katika lile kundi la 10 au la 172. Tiba nzuri kuliko zote ni kukiweka kisanduku cha kwanza katika hali ya daraja, ambayo kwenye skrini huandikwa "Bridge", ili kiache kazi ya NAT na kuiachia ruta yako peke yake. Kama haiwezekani, itabidi uandike kanuni mara mbili: kisanduku cha kwanza kielekeze poti kwa ruta yako, nayo ruta yako iielekeze kwa kompyuta. Inafanya kazi, ila ni mahali pawili pa kukosea.

Inaweza pia kuwa kwa mtoa huduma. Ukiona anwani ya WAN iko kati ya 100.64 na 100.127, basi umewekwa pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya nje. Kundi hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kazi hiyo hasa, na baadhi ya watoa huduma hutumia anwani za kundi la 10 kwa kusudi hilohilo. Intaneti ya simu na ile ya visanduku vinavyotumia laini ya simu huwa hivi mara nyingi sana. Hapa hakuna mpangilio wa ruta yako utakaosaidia. Wasiliana na mtoa huduma, umwambie kwa maneno hayahaya kwamba unahitaji anwani ya IP ya umma. Baadhi huitoa bure kwa anayeomba na wengine huitoza ada ya mwezi. Akikataa, bado unaweza kukodi seva ya mchezo mahali pengine, au kutumia huduma ya VPN inayoruhusu kuelekeza poti, au kutumia IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani, ikiwa wewe na marafiki zako wote mnayo. Katika IPv6 kila kifaa kina anwani yake inayoonekana nje, hivyo hakuna cha kuelekeza. Unachofanya ni kuufungua ukuta wa ulinzi wa ruta kwa kifaa hicho na poti hiyo peke yake.

Kifaa kiwe na anwani isiyobadilika

Ruta hugawa anwani za ndani kwa muda. Leo kompyuta yako ni 192.168.1.50, kesho ruta ikizimika na kuwaka, namba hiyo inaweza kwenda kwa simu ya mtu mwingine, na kanuni yako ikaanza kuipelekea simu hiyo wachezaji wa Minecraft. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kanuni, kiwekee kifaa anwani ya kudumu. Njia ninayoipendekeza ni kuiagiza ruta yenyewe, katika sehemu inayoitwa "Address Reservation" au "Static Lease" chini ya mipangilio ya DHCP (utaratibu wa kugawa anwani za ndani), kwamba kifaa chenye anwani fulani ya MAC, yaani utambulisho wa kadi yake ya mtandao, kipewe siku zote namba ileile ya IP. Unaweza pia kuiandika anwani hiyo kwenye kompyuta kwa mkono, lakini usipoangalia unaweza kuchagua namba ambayo ruta itampa mwingine, na vifaa hivyo viwili vikaanza kugombana.

Anwani ya MAC ni herufi na tarakimu 12 zilizogawanywa mbili mbili. Ipconfig /all huionyesha kwenye mstari wa "Physical Address". Hapa pana mtego ulionigharimu jioni nzima. Kompyuta yenye kebo na Wi-Fi ina anwani mbili za MAC, moja kwa kila njia. Mimi nilikuwa nimehifadhi anwani ya kebo, kumbe kebo ilikuwa imelegea na kompyuta imehamia kwenye Wi-Fi kimyakimya, ikapewa namba tofauti. Kanuni ilikuwa sahihi, ila ilielekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Angalia vilevile kama kifaa chako kinatumia anwani ya MAC ya kubahatisha kwenye Wi-Fi, jambo ambalo simu nyingi hufanya na Windows inaweza kufanya. Lizime kwa mtandao wa nyumbani. Na kwa seva ya mchezo, nakushauri utumie kebo kama una namna yoyote ya kuivuta.

Kuandika kanuni

Sehemu unayoitafuta huitwa "Port Forwarding" kwenye ruta nyingi, na "Virtual Server" kwenye nyingine. Mara nyingi imefichwa chini ya "Advanced", "NAT" au "Firewall". Usiichanganye na "Port Triggering", ambayo hufungua poti kwa muda tu baada ya kifaa cha ndani kutuma kitu nje, na ambayo haifai kwa seva.

Tuseme seva ni ya Minecraft toleo la Java, nayo iko kwenye 192.168.1.50. Katika nafasi ya jina andika neno lolote litakalokukumbusha, kama vile minecraft-java. Katika poti ya nje andika 25565, na katika poti ya ndani andika 25565 vilevile. Katika anwani ya ndani andika 192.168.1.50. Katika itifaki, yaani utaratibu wa kusafirisha data, chagua TCP. Kama ruta inauliza anwani ya chanzo, iache wazi, kwa maana kwamba mtu yeyote wa nje anaruhusiwa kujaribu. Lakini ikiwa rafiki yako ana anwani isiyobadilika, kuiandika hapo ni ulinzi mzuri sana. Hifadhi, kisha urudi kwenye orodha na uhakikishe kwamba kanuni imewashwa, kwa kuwa ruta nyingine huhifadhi kanuni ikiwa imezimwa.

Itifaki ndipo wengi wanapojikwaa. TCP na UDP ni itifaki mbili tofauti, kila moja ina poti zake, na kufungua poti 25565 ya UDP hakufungui ile ya TCP. Minecraft toleo la Bedrock hutumia UDP 19132, kwa hiyo anayefuata maelezo ya toleo la Java kwa ajili ya Bedrock atakosea namba na itifaki kwa pamoja. Terraria hutumia TCP 7777. Valheim hutumia UDP kuanzia 2456, na hufunguliwa pamoja na namba zinazoifuata hadi 2458. Factorio hutumia UDP 34197. Hizi ni namba za kawaida, na kila seva inaweza kubadilishiwa namba katika faili lake la mipangilio, hivyo soma faili lako kwanza. Kwa Minecraft ya Java ni mstari wa server-port ndani ya server.properties.

Ukuta wa ulinzi wa kompyuta

Pakiti zikishapita kwenye ruta hukutana na ukuta wa ulinzi wa Windows. Mara ya kwanza ulipowasha seva, Windows ilikuuliza kama uiruhusu, na huenda ulifunga dirisha hilo bila kulisoma, kama wengi wanavyofanya. Kulifunga namna hiyo si jambo dogo: Windows huandika kanuni ya kuzuia, na kanuni ya kuzuia hushinda ya kuruhusu, hata ukiongeza kumi za kuruhusu. Fungua mipangilio ya juu ya ukuta huo, tazama orodha ya miunganisho inayoingia, na utafute mistari yenye alama nyekundu ya kukatazwa iliyo na jina la mchezo wako. Kwa Minecraft ya Java jina huwa la Java yenyewe, kwa mfano "OpenJDK Platform binary". Ifute mistari hiyo, kisha uongeze kanuni mpya ya kuruhusu TCP 25565. Usiuzime ukuta wote. Kuuzima kwa dakika moja ili kupima kunavumilika, lakini dakika hiyo husahaulika na kugeuka miezi.

Kupima

Pima kutoka nje. Ukijaribu kujiunga kwa anwani yako ya nje ukiwa ndani ya nyumba, ruta nyingi hushindwa kugeuza pakiti hizo kuzirudisha ndani, nawe utadhani kanuni imekataa ilhali inafanya kazi. Njia nyepesi ni kuchukua simu, kuzima Wi-Fi ili itumie data ya simu, kisha kufungua tovuti ya kupima poti na kuiandikia anwani yako ya nje. Seva lazima iwe inaendeshwa wakati huo, kwa sababu poti ambayo hakuna programu inayoisikiliza huonekana imefungwa hata kama kanuni haina dosari.

Tovuti hizo huaminika kwa TCP tu. UDP haina salamu ya kuanzia wala jibu la lazima, hivyo kipimo kinaweza kukuambia poti imefungwa wakati iko wazi. Kwa Bedrock, Valheim na mingine ya UDP, kipimo cha kweli ni rafiki anayejaribu kuingia. Akishindwa, rudi nyuma kwa mpangilio uleule: je, anwani ya WAN bado inafanana na ya nje, je, kompyuta bado ina 192.168.1.50, je, itifaki ni ile inayotakiwa, na je, kuna mstari mwekundu uliobaki kwenye ukuta wa ulinzi?

Konsoli na UPnP

Kwa Xbox na PlayStation, jaribu kwanza UPnP, ambao ni utaratibu unaoruhusu kifaa kuiomba ruta ikifungulie poti chenyewe. Uwashe kwenye ruta, zima konsoli kabisa na uiwashe tena, kisha upime mtandao. Xbox husema NAT iko wazi, ya wastani au finyu. PlayStation hutumia namba 1 hadi 3. Kwenye PlayStation namba 2 ndiyo hali ya kawaida na nzuri kwa konsoli iliyo nyuma ya ruta, kwa hiyo usihangaike kuitafuta namba 1, ambayo ni ya kifaa kilichounganishwa na intaneti bila ruta. UPnP ikishindwa, Xbox huhitaji hasa poti 3074 ya TCP na UDP.

Poti moja ya nje haiwezi kuelekezwa kwa vifaa viwili. Nyumba yenye Xbox mbili itumie UPnP, au iingie katika mipangilio ya juu ya mtandao ya konsoli ya pili na kuichagulia poti mbadala.

UPnP ina udhaifu wake, nao ni kwamba haiulizi anayeomba ni nani: kamera ya bei nafuu au programu hasidi iliyo ndani inaweza kujifungulia poti kama konsoli inavyofanya. Ikiwa nyumbani kuna kifaa kimoja tu cha mchezo, mimi huona ni afadhali kuandika kanuni kwa mkono na kuizima UPnP.

Mlango ulioufungua

Utakutana na ushauri wa kuiweka kompyuta kwenye DMZ ya ruta, mpangilio unaokipelekea kifaa kimoja kila kinachokuja bila kuombwa, ili poti zote zifunguke kwa pamoja. Usifanye hivyo kwa kompyuta. Kufungua poti moja ni kuiweka programu moja mbele ya dunia. DMZ huweka kila programu iliyo humo, pamoja na zile za kushiriki mafaili na za kuendesha kompyuta kutoka mbali. Kwa sababu hiyohiyo, usielekeze kamwe poti 445 (ya kushiriki mafaili) wala 3389 (ya kuendesha kompyuta kutoka mbali).

Programu hiyo moja nayo itunzwe. Mnamo Desemba 2021 iligunduliwa kasoro katika Log4j, maktaba ya programu ya kuandika kumbukumbu za matukio, ambayo Minecraft ya Java huitumia, na iliwezekana kuishambulia seva kwa kuandika ujumbe tu kwenye gumzo la mchezo. Toleo 1.18.1 liliiziba. Seva ya zamani isiyosasishwa bado ina kasoro hiyo leo. Sasisha seva, weka white-list=true ndani ya server.properties ili waingie wale tu uliowaandika kwa majina, na ubadilishe nenosiri la awali la ruta.

Kilichobaki ni anwani yako ya nje, ambayo mtoa huduma anaweza kuibadilisha wakati wowote, na marafiki wakajikuta wanabisha hodi kwenye nyumba ya mtu mwingine. Ruta nyingi zina sehemu ya DDNS, ambapo unajiandikisha jina, na ruta hulisasisha jina hilo kila anwani inapobadilika. Wape marafiki jina hilo badala ya namba. Na msimu wenu wa kucheza ukiisha, rudi kwenye orodha ya kanuni na uifute ile ya minecraft-java siku hiyohiyo unayoizima seva.